Shule ya watoto 2,400 au ile ya 600? Nisaidieni kuzisoma hizi namba

Mama Pacha, Kaptembwo (Nakuru)

Hamjambo. Mimi nauza nyanya na vitunguu Soko la Wakulima hapa Nakuru, na ninaishi Kaptembwo. Nina pacha, msichana na mvulana, wanaomaliza Gredi ya 3 katika shule ndogo ya kibinafsi ya mabati hapa mtaani. Karo imenishinda. Mwaka huu walirudishwa nyumbani mara mbili wakiwa wamevaa sare na mikoba mgongoni. Mara ya pili msichana alitembea mwenyewe hadi sokoni, akanikuta napanga nyanya, akasimama tu bila kusema neno. Siku hiyo niliamua kwamba Januari wanaingia shule ya serikali.

Shule ninazoweza kuzifikia ni mbili, na nimekosa usingizi kwa sababu yazo.

Ya kwanza iko karibu, dakika kumi kwa miguu. Nimeambiwa ina watoto zaidi ya 2,400 kuanzia chekechea hadi Gredi ya 9. Nilipita pale Jumanne nikachungulia dirishani, darasa moja la Gredi ya 4. Dawati la watatu limekaliwa na watano, na walio nyuma kabisa waliandika wakiwa wamesimama, daftari wameliegemeza ukutani. Niliwahesabu nikafika 87 ndipo kengele ikalia wakatoka mbio. Uwanjani nilisikia Kikuyu, Kikisii, Kiluhya, Kijaluo, Kikalenjin, kisha Kiswahili juu ya zote.

Ya pili ni ya kupanda matatu mbili, na kwa siku kila mtoto atanigharimu shilingi 100 kwenda na kurudi. Watoto hawafiki 600. Darasa nililoonyeshwa lilikuwa na 38, wametulia. Ofisini kuna ubao ulioandikwa wastani wa KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, wa kila mwaka, na wa mwisho, wa 2023, ni 318. Ile ya karibu nasikia ilipata 229 mwaka huo. Lakini hii ya pili wanataka watoto wafanye mtihani wa kuingia kwanza, na kila mtoto aje na dawati lake.

Jirani yangu ananiambia nisithubutu kuwapeleka ile ya karibu. "Imejaa watoto wa kila aina, wengine hata baba hawamjui, wako watapotea." Maneno hayo yaliniuma kwa sababu wangu pia ninawalea peke yangu, na mtu mwingine huenda anasema hivyo hivyo kuwahusu.

Mimi niliachia darasa la saba. Naomba mnaojua mniambie: KCPE ikishaondolewa, ule wastani wa ubaoni bado una maana? Na wale 87, ni namba ya kunikimbiza?

Mwalimu Mstaafu, Lanet

Mama Pacha, pole, na umefanya vizuri kuchungulia dirishani. Wazazi wengi huishia getini.

Nimefundisha shule za msingi za umma hapa Nakuru miaka 33, nikastaafu 2020. Nitakujibu kirefu kwa sababu swali lako nililisubiri miaka mingi mzazi aniulize, na hakuna aliyeniuliza.

Nianze na ule ubao. KCPE ilifanywa tangu 1985 hadi 2023, miaka ya mwisho ikiwa ya alama 500, na kwa miaka yote hiyo sisi walimu tulipimwa kwa wastani. Wastani ni jumla ya alama ikigawanywa kwa watoto waliofanya mtihani. Waliofanya, mama. Asiyefanya hayumo. Sasa sikiliza jambo nililoliona kwa macho yangu, katika shule ambayo sitaitaja. Nilipokea darasa la nne lenye watoto 71. Miaka minne baadaye walioketi kufanya KCPE kutoka kundi lile walikuwa 43. Wengine walihama na wazazi wao, hilo ni la kawaida mjini. Lakini wengi waliobaki nje tuliwatoa sisi. Kila Januari, aliyekuwa chini ya alama 200 aliambiwa arudie darasa, au mzazi aliitwa akashauriwa amtafutie "shule itakayomfaa", au alisajiliwa kufanya mtihani kituo kingine ili asituharibie. Wastani ukapanda, tukachinja mbuzi siku ya maombi ya shukrani. Nilikuwa mwalimu wa darasa. Kalamu nyekundu iliyokata majina yale kwenye rejista ilikuwa mkononi mwangu, na yapo majina ambayo bado nayakumbuka.

Kwa hiyo ukirudi ile shule ya pili, usiulize walipata ngapi. Uliza hivi: walioingia darasa la kwanza 2016 walikuwa wangapi, na waliofanya KCPE 2023 walikuwa wangapi? Huenda shule hiyo ni nzuri kweli, sitaki kuisingizia. Lakini shule inayowachuja watoto mlangoni kwa mtihani imekwisha kukuambia wastani wake unatoka wapi. Na huo mtihani wa kuingia, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaukataza katika shule ya umma, isipokuwa kama ni wa kujua mtoto aketi darasa gani. Kumrudisha mtoto darasa pia sheria hiyo haikuruhusu, na tulikuwa tukifanya hivyo mchana kweupe.

Sasa wale "watoto wa kila aina". Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, uwanja wa maonyesho ya kilimo (ASK) hapa Nakuru uligeuka kambi ya waliokimbia makwao. Nilikuwa na watoto 58 darasa la tano. Kufikia Machi walikuwa 94, wengi hawana sare, hawana ripoti ya shule walikotoka. Na wakati huohuo niliwapoteza wengine. Naita jina asubuhi, kimya, kisha mtoto mmoja anajibu, "Mwalimu, alienda kwao." Kwao ni wapi, na alizaliwa mtaa wa Bondeni hapa hapa Nakuru! Kulikuwa na mvulana mmoja aliyeletwa na shangazi yake ambaye hakufungua mdomo darasani hadi mwezi wa tano. Siku aliyosoma sentensi ya kwanza kwa sauti, darasa zima la watoto 94 lilinyamaza lenyewe, sikuwaambia.

Kundi lile lilifanya KCPE 2011. Wastani wetu ukaanguka, na katika mkutano wa wazazi wakataka mwalimu mkuu aondolewe. Yule mvulana alipata 241. Kwa ubao wa ofisini, 241 yake ilituvuta chini. Mimi ninajua alianzia wapi.

Ndiyo maana ninakwambia, 229 ya ile shule ya karibu usiisome peke yake. Mtaa wenu ni wa nyumba za kupanga. Mwisho wa mwezi kodi ikishinda, familia inahama usiku na mtoto anabadilisha shule katikati ya muhula. Mwaka mmoja nilifunga rejista Oktoba nikiwa na idadi karibu sawa na ya Februari, lakini nilipolinganisha majina, zaidi ya robo walikuwa wageni. Mtoto aliyefika Agosti akafanya mtihani Novemba anahesabiwa kuwa wangu, na aliyemfundisha kusoma, au aliyeshindwa kumfundisha, ni mwalimu mwingine.

Kuhusu pesa, ili ujue kwa nini dawati la watatu linakaliwa na watano. Elimu ya bila malipo ilipoanza Januari 2003 chini ya Rais Kibaki, tulipokea watoto mpaka tukaandikisha chini ya mti. Mwaka uliofuata kule Eldoret mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na hakuna aliyeshangaa sana, kwa sababu nami nilikuwa na vijana wa miaka 15 wakijifunza a-e-i-o-u. Serikali imekuwa ikikadiria shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, ikigawanywa nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Piga hesabu: 710, 426, 284. Hiyo ndiyo ya chaki, ya umeme, ya mlinzi, ya kuziba paa. Na tangu usajili wa NEMIS uje, ule mtambo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hakuingia kwenye mtambo. Yuko darasani, anakaa, anakula chaki ya wenzake, lakini pesa yake haikuja. Shule za mitaa kama yenu ndizo zenye watoto wengi wasio na vyeti, basi zikaumia mara mbili. Kwa hiyo tayarisha vya pacha wako mapema.

Jambo la mwisho, na hili ndilo ningelitazama kuliko yote. Gredi ya 4 ndipo Kiingereza kinachukua masomo karibu yote. Chini ya hapo, mijini tunafundisha tukirudi kwenye Kiswahili. Watoto wengi huanguka pale, na mzazi hudhani mtoto amekuwa mjinga ghafla. Ukienda, usiende ofisini kwanza. Omba kuona daftari za Gredi ya 4 katikati ya muhula. Je, zimesahihishwa? Mwalimu aliandika kitu, au ni alama ya vema tu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho? Na umuulize mwalimu wa darasa, si mkuu, kwamba katika hao 87 ni wangapi bado hawasomi. Akikutajia namba bila kufikiri, mwachie watoto wako. Anawajua.

Baba Gredi ya Sita, Nyalenda (Kisumu)

Mwalimu, nakuheshimu, na hilo la kukata majina umesema ukweli ambao wengi wenu mnaunyamazia. Lakini hapo kwenye 87 umepita haraka mno.

Msichana wangu alisoma shule ya umma hapa Kisumu, darasa la watoto 92. Walimu walikuwa watu wazuri, sina neno baya juu yao. Ripoti yake kila muhula ilisema "Kukaribia Matarajio", na mimi nikajipa moyo kwamba anakaribia. Nikaja kugundua Gredi ya 5, na niligundua kwa bahati. Miaka ya nyuma niliwahi kujitolea na Uwezo, wale waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto wa miaka 6 hadi 16 hadithi ya kiwango cha darasa la pili wasome. Nilikuwa bado na karatasi moja kwenye sanduku. Jioni moja nikampa. Alisoma aya ya kwanza vizuri kabisa. Nikageuza karatasi nikampa hadithi ya pili, akaanza kukisia kutokana na picha. Ile ya kwanza alikuwa ameisikia kwangu akiwa mdogo, akaikariri.

Nililia, sioni haya kusema. Nimewapima watoto wa watu kijiji kizima na wa kwangu sikumpima.

Mwalimu mwenye watoto 92 na kipindi cha dakika 35 ana sekunde ngapi kwa kila mmoja? Nimepiga hesabu: hazifiki 23. Na serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja kwa watoto 40. Mtoto mtulivu anayenakili vizuri kutoka ubaoni anaweza kupita darasa baada ya darasa bila kuonekana, na wa kwangu ni mtulivu. Mama Pacha, wako wakoje? Hilo nalo litazame. Kama mmoja ni mchangamfu na mwingine mkimya, huyo mkimya ndiye wa kumwogopea.

Tena hesabu vyoo. Kiwango cha serikali ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Watoto 2,400, tuseme nusu ni wasichana, hivyo ni milango 48 ya wasichana peke yao. Uone wana mingapi.

Mwalimu wa JSS, Njoro

Nachangia kidogo tu, niko stejini.

Mama, uliza pia Gredi ya 7, 8 na 9 wanakaa wapi. Tangu 2023 sekondari ya msingi (JSS) iko ndani ya shule za msingi, na kuna shule ambako madarasa mawili mazuri yalichukuliwa kwa ajili yetu, wadogo wakasongamana zaidi. Huenda 87 yako ilitokea hapo. Kama darasa jipya limejengwa, idadi inaweza kupungua Januari.

Na KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, haitoi wastani wa kubandika ubaoni kama zamani. Ina asilimia 20 ndani ya alama za mwisho za Gredi ya 9, na mtoto anaandikiwa kiwango katika kila somo. Shule hupokea ripoti yake kutoka KNEC, baraza la mitihani. Mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe hiyo. Akikuonyesha ya Kiswahili na hesabu, angalia ni wangapi wako "Mbali na Matarajio" kuliko kutafuta waliozidisha matarajio.

Mwalimu Mstaafu, Lanet

Baba wa Nyalenda, umenishika mahali penyewe. Nilifundisha 94 na ninajisifu kwa yule mvulana mmoja. Sijui ni watulivu wangapi walinipita mwaka ule. Hiyo karatasi ya hadithi, mama, kila mzazi anaweza kuifanya. Chukua kitabu cha Gredi ya 2 wasichokijua, kila pacha peke yake, mwingine asiwe karibu kusikia.

Mama Pacha, Kaptembwo (Nakuru)

Nimerudi. Wiki nzima nimefunga kibanda saa nane mchana kuzunguka shule, na nyanya zimeniozea, lakini nimepata majibu.

Nilianza nyumbani. Mvulana alisoma hadithi ya Gredi ya 2 bila kusimama. Msichana, yule aliyenifuata sokoni, alikwama mstari wa tatu. Baba wa Nyalenda, ndiye mtulivu. Miaka mitatu nimelipa karo na sikuwa najua.

Shule ya pili nikauliza kama Mwalimu alivyonifunza: walioingia 2016 walikuwa wangapi? Nikaambiwa rekodi hizo hazipo karibu. Nikauliza waliofanya mtihani 2023. Walikuwa 31. Nikauliza kuhusu mtihani wa kuingia na msichana asiyesoma vizuri, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba labda nianze na mvulana kwanza, wa pili tutaona. Walizaliwa wakipishana dakika 20. Nikashukuru, nikaondoka.

Ya karibu nilihesabu vyoo vya wasichana: milango 19, minne imefungwa kwa kufuli. Hilo ni baya na nimemwambia naibu wa mwalimu mkuu wazi. Hakukasirika, alisema nije mkutano wa wazazi niliseme tena huko. Ripoti ya KPSEA alinionyesha bila kusita, na walio mbali na matarajio katika hesabu ni wengi, sitadanganya. Madarasa ya Gredi ya 9 yamekamilika, kwa hiyo Gredi ya 4 itagawanywa mara nne badala ya tatu, watakuwa kama 65. Bado ni wengi.

Kisha nikamwona mwalimu wa darasa, mwanamke mdogo tu, sauti imemkauka. Nikamuuliza ni wangapi hawasomi. Akasema, "Kumi na tisa. Walikuwa ishirini na sita mwezi wa tano." Wale kumi na tisa hubaki naye dakika arobaini baada ya kengele, Jumatatu na Jumatano, bila malipo. Nilimwambia kuhusu msichana wangu. Alitoa daftari akaniuliza jina lake, akaliandika, na hata hajasajiliwa bado.

Wanaingia hapo, wote wawili. Ile mia mbili ya matatu kwa siku nitaitumia kumlipa binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne asome na msichana jioni hadi Januari, na mimi nitaketi pale nisikie.

Mwalimu, swali moja limebaki. Cheti cha kuzaliwa cha mvulana kina kosa, jina la katikati limeandikwa kwa herufi tofauti na la dada yake. Wanaweza kumsajili hivyo nirekebishe baadaye, au niende Huduma Centre kwanza? Jumatatu ndiyo siku niliyopewa ya kupeleka karatasi.

Mwalimu Mstaafu, Lanet

Nenda kesho uanze marekebisho, na Jumatatu upeleke nakala ya cheti pamoja na risiti ya ombi lako. Usingoje mpaka kiwe tayari. Na asisajiliwe kwa jina ulilolisahihisha kwa kalamu, maana kosa hilo litamfuata hadi Gredi ya 9. Mwambie yule mwalimu mwenye kumi na tisa kwamba Alhamisi niko huru.